Jasho la Mwanamichezo Lilipwe

Tangu Julai 1, 2025, vyuo vikuu vya Marekani vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, kila chuo kisizidishe dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Wapo wakuu wa michezo wanaolalamika kuwa hazina zitakauka. Mbona kilio hicho hatukukisikia Mei 2024, wadhamini wa Penn State walipoidhinisha dola milioni 700 za kukarabati Beaver Stadium? Saruji haina goti la kuvunjika. Kijana wa kandanda ya Kimarekani analo. Hata hivyo, hofu yao moja ni ya haki: kandanda ndiyo iletayo fedha, nayo ikijichotea karibu zote, timu za waogeleaji na wakimbiaji zitavunjwa. Hilo twataka walieleze hadharani, kabla hawajawaita wakandarasi.