"Mzee hapasuliki": tusikate tamaa kabla ya kuuliza



Daktari akisema, "Huyu mzee hafai kupasuliwa," wengi wetu huinamisha vichwa. Moyo wake dhaifu, umri umekwenda, au ana figo moja tu. Basi tunamrudisha nyumbani na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa mwenye saratani ya figo ambayo haijasambaa, sisi tunaona hilo ni kosa.

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa saratani ya figo haisikii mionzi. Mionzi ya kawaida, inayotolewa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, haikuiweza. Siku hizi ipo mionzi ya kulenga: miale hupitishwa kutoka pande nyingi na kukutana kwenye uvimbe tu, na hapo ndipo nguvu yake hujumlika. Mgonjwa hakatwi kisu wala hapewi nusukaputi.

Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Australia na Uholanzi, ulioongozwa na Profesa Shankar Siva wa Melbourne. Wagonjwa walikuwa 70, ambao upasuaji haukuwafaa au waliukataa. Nusu yao walikuwa na miaka 77 au zaidi. Uvimbe usiozidi sentimita 4 ulipigwa mionzi mara 1, mkubwa zaidi mara 3. Baada ya mwaka mmoja, hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake uliotibiwa ulikuwa umekua tena. Wala hakuna aliyekufa kwa saratani hiyo katika muda wa utafiti.

Tusidanganyane lakini. Figo iliyopigwa mionzi hupungua nguvu, na mgonjwa mmoja alilazimika kusafishwa damu kwa mashine. Anayeweza kupasuliwa, upasuaji bado ndiyo njia ya kwanza. Wala si kila hospitali yenye mashine ya mionzi inaweza kazi hii, maana figo hupanda na kushuka mtu anapopumua, na kulenga kunahitaji vifaa na mafunzo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya safari, na kabla ya kukata tamaa, tuulize: Je, saratani imesambaa? Figo zinafanya kazi kiasi gani? Kuna mtaalamu wa mionzi aliyeziona picha?

Wanafunzi, wasindikizeni wazee wenu kliniki, muyaandike majibu. Tumwombee mzee shifaa, na tuulize pia. Yote mawili ni haki yake juu yetu.