Mlima Hauendewi na Mtu Mmoja

Iko fikira inayoenea upesi miongoni mwa vijana wa shule, nayo ni kwamba mtu afungaye mzigo wake, akavuka mpaka, akapanda mlima wa nchi nyingine na kulala huko hemani peke yake, ni shujaa kuliko yule aendaye na wenzake. Picha za wasafiri wa namna hiyo hutazamwa sana, na kila azitazamaye hutamani. Nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba fikira hiyo ni potofu, na kwamba yaweza kumgharimu kijana uhai wake.

Sisi tukaao Busia na Malaba hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Elgon huonekana upande wa kaskazini, umelala kama mtu aliyejifunika blanketi. Wamasaba wa Uganda huuita Masaba. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye mita 4,321, kimo ndani ya Uganda. Basi kijana wa Malaba atakaye kusimama juu ya mlima anaouona tangu utoto wake hana budi kuvuka mpaka kwanza. Tangu mwaka 2014 Mkenya mwenye kitambulisho cha taifa aweza kuingia Uganda bila pasipoti. Njia ni nyepesi, na wepesi huo ndio unaodanganya.

Usinielewe vibaya. Sisemi usiende. Nenda! Ni aibu kwa mtu aliyesoma kuijua nchi ya jirani kwa bei ya sukari na nguo za sokoni tu. Mto Nzoia, ambao mafuriko yake yamewahamisha watu wa Budalang'i mara nyingi, hupokea maji kutoka mlima huo. Inafaa mtu ayajue maji yake yatokako. Ninalopinga si safari. Ninapinga maneno mawili tu: "peke yangu".

Kwanza, tazama maumbile yenyewe. Mji wa Busia uko kadiri ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi katika kila mita 1,000 upandazo. Piga hesabu: ukiondoka kwetu katika joto la nyuzi 28, huko Wagagai mchana huohuo hutazamii zaidi ya nyuzi 9 au 10, na usiku maji yaweza kuganda. Tena hewa ya juu ni nyembamba. Kuanzia mita 2,500 hivi mwili usiozoea waweza kuugua: kichwa huuma, tumbo huchafuka, miguu huyumba, na ugonjwa ukizidi akili huchanganyika. Baridi kali nayo hufanya vivyo hivyo. Humletea mtu usingizi na kumpumbaza.

Lifikirie sana jambo hilo la mwisho. Mtu akivunjika mguu, akili yake humwambia kwamba amevunjika. Lakini aliyechanganyikiwa atajuaje kuwa amechanganyikiwa? Kile chombo ambacho kingemwamuru ateremke ndicho kilichoharibika. Atasema, "Sina neno, bado kidogo tu nitafika," na atasema hivyo kwa moyo mkunjufu kabisa. Hapo huhitaji ujasiri. Wahitaji mtu wa pili wa kukutazama usoni, kukushika mkono na kukuteremsha hata kama unamtukana.

Pili, nani aliyetufundisha kwamba ushujaa ni upweke? Si wazee wetu. Jirani zetu Wabukusu, na ndugu zao Wamasaba wa ng'ambo, huwatahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kijana husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na maumivu ni yake peke yake. Lakini je, amefika hapo peke yake? La hasha! Amesindikizwa kwa nyimbo, amezungukwa na jamaa na rika lake, na yuko mzee ajuaye kazi. Hakuna amwitaye mwoga kwa sababu ya kusindikizwa.

Tatu, waangalie wale tunaowasifu. Kisoi Munyao aliyepandisha bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya wakati wa uhuru, Desemba 1963, alikuwa na wenzake katika kazi hiyo. James Kagambi aliyefika kilele cha Everest mwezi Mei 2022, naye ana umri wa miaka 62, alikwenda na kikosi. Je, sifa yao imepungua kwa ajili hiyo?

Wako watakaonijibu kwamba upweke ni mwalimu, na kwamba mtu hujijua akiwa mbali na kelele. Nakubali. Lakini kukaa kimya hakuhitaji kuachana na wenzako. Keti juu ya jiwe hatua mia kutoka hemani, nawe utapata upweke wote uutakao, na ukipiga ukelele utasikiwa. Wengine watasema mwenzi naye si kinga ya mauti. Hilo nalo ni kweli. Mwezi Mei 2024 Mkenya Cheruiyot Kirui alifia Everest, na Nawang Sherpa, mwenyeji wa Nepal aliyefuatana naye, hakurudi. Lakini hoja hiyo hainivunji, yaniongezea nguvu. Ikiwa mlima huweza kuwashinda wawili wenye ujuzi, mmoja asiye na ujuzi anatumaini nini?

Tazama malori yanayopanga foleni Malaba kuelekea Kampala. Dereva ametoka Mombasa, barabara aijua kama kiganja chake, na hata hivyo mara nyingi utamwona utingo kando yake. Hakuna amchekaye dereva huyo. Basi wewe, usiyeijua njia hata moja ya Masaba, wamdharauje mwongozaji?

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapokwenda, pita penye afisa wa uhamiaji, si kwenye vichochoro. Jiandikishe kwa wenye kuilinda hifadhi, ufuate askari na mwongozaji utakaopewa. Waambie wazazi wako siku ya kurudi. Chukua rafiki mmoja ambaye neno lake utalisikia. Na ukirejea, usiseme, "Nimepanda", sema, "Tumepanda." Neno hilo lina ukweli zaidi, na lina adabu zaidi. Wahenga walikwisha kulihukumu shauri hili: jifya moja haliinjiki chungu.