Tuzitafute Herufi Zote, Si za Kirumi Tu

Wenzetu wanaojifunza lugha ya C huanza na strchr, itafutayo herufi moja ndani ya maneno, kisha wengi huishia hapo. Mimi naona haifai.

strchr hutazama baiti moja moja. Kwa a, b, c yatosha. Lakini herufi be ya Kiarabu, iandikwapo kwa UTF-8, huchukua baiti 2. Strchr haiwezi kuipata nzima.

Dawa yake ni wcschr, iliyoingizwa katika C mwaka 1995. Hiyo hupitia herufi pana moja moja tangu mwanzo hadi alama ya mwisho. Ikiiona herufi, hurudisha anwani ya mahali ilipoonekana kwanza; isipoiona, hurudisha NULL. Asiyeichungua NULL kwanza asishangae programu yake ikianguka.

Wako watakaosema kuwa wchar_t si sawa kila mahali: ni baiti 4 katika Linux, 2 katika Windows. Ni kweli, nalo ladai uangalifu. Wengine watauliza, ya nini taabu hii, na Kiswahili leo huandikwa kwa herufi za Kirumi? Hao wamesahau kwamba barua na tenzi za wazee wa pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zikiingizwa katika kompyuta, ni nani atakayezitafutia maneno ikiwa sisi hatujui? Mwacha asili ni mtumwa.

Basi, twawaomba walimu wetu: siku mfundishapo strchr, tufundisheni na wcschr.