Gesi inaondoka Kilwa, mkate unarudi

Wadau, leo sina habari ya bungeni wala ya Simba na Yanga. Leo nataka tuzungumzie skonzi. Ndiyo, skonzi! Zile laini, zenye siagi, ukizivuta zinachanika nyuzi nyuzi kama pamba. Najua wapo watakaosema huyu kijana kaishiwa habari. Subirini. Ndani ya skonzi moja kuna bomba la gesi, kuna barabara ya kusini, na kuna dharau tuliyoizoea mpaka hatuioni tena.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilitumwa na gazeti langu kwenda Kilwa Masoko kuandika habari ya semina ya ujasiriamali kwa akina mama. Nilifurahi sana, maana kwetu ni Kivinje na nauli inalipwa na ofisi. Ukumbi ulipambwa, mabango yapo, projekta ipo, wageni wametoka Dar es Salaam. Mwezeshaji, kijana wa rika langu, akawaonyesha akina mama picha za mikate midogo ya Kifaransa inayoitwa brioshi. Kwa kweli inavutia! Rangi ya dhahabu, inang'aa utadhani imepakwa mafuta ya nywele. Akasema hii ndiyo bidhaa ya kisasa, mahoteli yanaitafuta. Kisha akataja mahitaji: oveni ya umeme, mashine ya kukandia, friji, siagi ya paketi. Mama mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwanangu, na sisi tusio na hiyo oveni?"

"Mama, anzeni kwa kuchukua mkopo."

Ikafika saa ya chai. Jamani! Chai ile ililetwa na skonzi za kiwandani, ndani ya mifuko ya nailoni, zilizopakiwa kwenye basi Dar es Salaam siku moja kabla. Kilomita kama 300! Na mle ukumbini walikuwamo wanawake watatu ninaowafahamu ambao wanaoka kwa mikono yao, mmoja wao ni mama yangu mdogo. Walikaa wakatafuna skonzi kavu za Dar ili wapate nguvu ya kufundishwa kuoka.

Na mimi nilikula. Nikapokea na bahasha ya nauli, ingawa ofisi ilishanilipa. Nikarudi nikaandika kwamba akina mama wa Kilwa wamenolewa. Habari ikatoka, picha ikatoka, skonzi hazikutajwa hata kwa neno moja. Ndiyo maana naandika leo. Nina deni.

Deni lenyewe ni kubwa kuliko bahasha. Mimi nimesomeshwa na skonzi. Ada ya kidato cha tano na cha sita, na nauli ya kwenda chuo kikuu, vilitoka kwenye beseni la mama mdogo. Alikuwa anaamka saa tisa usiku anakanda, jua likichomoza skonzi ziko madukani zina joto. Hajawahi kumiliki oveni maisha yake yote. Sasa leo mimi, msomi wa kuokwa na mkaa wake, nakaa mstari wa mbele nikiandika kwenye daftari kwamba bila oveni hawezi!

Tuseme ukweli kuhusu hizo brioshi. Rousseau, yule mwanafalsafa, alisimulia katika maungamo yake kisa cha binti mfalme aliyeambiwa wakulima hawana mkate, naye akajibu kwamba basi wale brioshi. Watu wakaja kumbebesha Marie Antoinette maneno hayo, ingawa Rousseau hakutaja jina la mtu. Kisa kimeishi miaka yote hiyo kwa sababu kila nchi ina watu wanaozungumza hivyo. Huna oveni? Chukua mkopo ununue oveni. Huna siagi? Nunua friji uhifadhi siagi. Tofauti iko wapi?

Haya, hoja hujibiwa kwa hoja. Wanasema mkate laini hauokeki bila oveni. Uongo! Oveni ni nini? Ni chombo kinachopeleka moto juu na chini kwa pamoja. Bibi zetu walilijua hilo kabla ya nguzo ya kwanza ya umeme kusimama Kivinje. Wanapalia. Makaa machache chini ya sufuria, makaa mengi juu ya mfuniko. Hivyo ndivyo mkate wa kumimina unavyoiva, na ndivyo skonzi za mama mdogo zinavyoiva.

Wanasema pia siagi ni ghali na joto letu haliiruhusu. Hapa wana nusu ya ukweli. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 35, na ukanda wetu mchana hauko mbali na hapo. Mfaransa analaza kinyunya chake kwenye baridi usiku kucha ili siagi isikimbie. Sisi tunafanyaje? Tunakanda alfajiri, saa ambayo hata paka hajaamka, na sehemu ya mafuta tunaiweka kwa nazi. Tui zito lina mafuta mengi, lina utamu wake, lina harufu ambayo huyo Mfaransa hana. Nazi haihitaji friji. Iko juu ya mti inakusubiri.

Nilimwomba mama mdogo anifundishe, nikapima kila kitu maana yeye anapima kwa jicho. Chukua unga wa ngano nusu kilo, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari vijiko vitatu vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, mayai mawili, tui zito robo lita likiwa vuguvugu, na siagi gramu 100. Changanya vyote isipokuwa siagi. Kanda dakika 15 mpaka kinyunya kivutike bila kukatika. Siagi ndiyo inafuata, kidogo kidogo. Usiiweke mwanzo! Mafuta yakiwahi kuuvaa unga, nyuzi za kinyunya hazishikani vizuri, skonzi inakuwa kama biskuti. Kitaanza kuteleza na kunata, utataka kuongeza unga. Acha! Endelea kukanda kama dakika kumi, kitakubali chenyewe. Funika. Kwa joto letu saa moja inatosha kuumuka mara mbili. Kata madonge 16, yapange kwenye sufuria uliyopaka mafuta, yakigusana kidogo. Yaache yaumuke tena kama dakika 40. Paka ute wa njano wa yai juu, nyunyiza ufuta, palia. Dakika 25 hivi, lakini pua ndiyo saa. Ukisikia harufu imefika barazani, funua.

Nilizipeleka Dar, chumba cha habari. Ziliisha kabla mhariri hajatoka kikaoni. Wakaniuliza nimenunua hoteli gani!

Sasa tufike kwenye mzizi. Kama mikono ipo na nazi ipo, kwa nini duka la Masoko limejaa mkate wa Dar? Mama mdogo ana jibu fupi: "Mwanangu, wao wanaacha mkate leo, hela wanafuata wiki ijayo. Mimi nikiacha leo, kesho sina unga." Mali kauli, basi. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kusubiri, mwenye beseni hawezi. Na mkate wake umetiwa dawa ya kuuzuia usiote ukungu, unakaa kwenye shelfu siku nyingi. Skonzi ya tui inataka iliwe leo. Ile ladha yake nzuri ndiyo inayomponza sokoni.

Hebu tazameni na picha nzima. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya yetu, iligunduliwa mwaka 1974. Tangu 2004 inasafiri kwa bomba chini ya bahari mpaka Somanga, kisha zaidi ya kilomita 200 nchi kavu mpaka Ubungo, Dar es Salaam, inaendesha mitambo ya umeme na viwanda. Ufuta? Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ufuta nchini, na magunia yake yanaondoka ghafi. Mkaa wa misitu ya kusini unapanda malori kwenda jijini. Kinachorudi ni nini? Mkate ndani ya mfuko, na ufuta kidogo juu yake! Gesi imekwenda, mkaa umekwenda, ufuta umekwenda, vimeturudia vikiwa skonzi ya jana.

Na hata ule mtungi wa gesi tunaoambiwa tununue ili tuache mkaa, gesi yake si ya Songo Songo. Ni gesi ya aina nyingine, inaletwa nchini kwa meli. Ya kwetu haijazwi kwenye mtungi kirahisi namna hiyo, inataka bomba la kuifikisha jikoni. Hilo ni suala la kitaalamu, nalikubali. Lakini bomba linaloweza kwenda Ubungo halishindwi na utaalamu kufika jikoni Kivinje. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Vizuri sana. Basi waanze na waokaji wanaoishi jirani na visima.

Kilwa hii haikuanza leo kutoa na kubaki mikono mitupu. Dhahabu ya Sofala ilipita hapa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifunga mkataba na sultani wa Kilwa auziwe watu 1,000 kila mwaka. Watu, ndugu zangu, si magunia! Silinganishi skonzi na utumwa, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba mji wenye historia kama hiyo ungetakiwa uwe wa kwanza kuuliza: kinachotoka hapa kinamwachia nini mwenye hapa?

Kuna watakaonishika kwa ngano. Watasema hata huo unga unatoka nje. Kweli kabisa, sehemu kubwa ya ngano tunayokula inaagizwa. Mashamba makubwa ya Hanang tuliyasoma shuleni, lakini leo tunategemea meli. Ila huo si utetezi wa mkate wa Dar, nao umetokana na ngano hiyohiyo. Tofauti ni kwamba unga ukikandwa Kivinje, hela ya kukanda inabaki Kivinje. Ndiyo hiyo ninayoidai.

Ushahidi ninao. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, barabara ilikatika eneo la Somanga. Magari yakakwama huku na kule. Nilikuwa nyumbani likizo. Siku ya pili mkate wa mifuko ukaisha madukani. Siku ya tatu wenye maduka wakamfuata mama mdogo wenyewe, mpaka mlangoni, hela mkononi, taslimu! Akakanda mabeseni mawili kwa usiku mmoja, mimi nikipalia makaa huku macho yanatoka machozi. Watoto walikuwa wanasubiri uani na sahani. Hakuna aliyeuliza oveni iko wapi. Barabara ilipofunguliwa, wenye maduka wakarudi kwa mali kauli zao kama vile hakikutokea kitu. Mama mdogo hakulalamika. Aliosha mabeseni akayafunika. Mimi ndiye niliyekasirika, na hasira hiyo haijaisha.

Nataka nini basi? Mambo mawili, na yote ni madogo. Ofisi yoyote, ya umma au ya mradi, ikija kufanya semina Kilwa au popote mkoa wa Lindi, mkate wa chai ununuliwe palepale na ulipwe taslimu siku hiyohiyo. Mikutano haiishi huku, kwa hiyo soko lipo tayari, halihitaji mkopo wala projekta. La pili ni letu sisi wenye kalamu. Tukialikwa kwenye semina ya kumkomboa mwanamke, tuandike pia nani kapika chai, mkate umetoka wapi, na bahasha zilikuwa ngapi.

Naanza na mimi. Bahasha yangu nimeibadilisha unga, mfuko mzima, upo Kivinje. Mama mdogo kaupokea, kanitazama, kaniuliza kama nimefanya kosa kazini. Nimemwambia ndiyo, mama, nilifanya.

Nawasilisha.