Maarifa ya Nyumbani: Mtindi na Tango kwa Namna ya Wagiriki — Moto Kwanza, Maji Baadaye

Ndugu msomaji, juma hili ukurasa wetu unajibu barua ya mama mmoja wa Bwiza, ambaye mumewe ni askari polisi. Anaeleza kwamba katika sherehe ya arusi alionja sosi nyeupe, nzito na baridi, iliyotiwa tango na kitunguu saumu, ikaandaliwa pamoja na mishikaki. Akaambiwa kuwa ni chakula cha Wagiriki. Ataka kujua kama yawezekana kuitengeneza katika nyumba isiyo na jokofu, tena kwa mshahara wa askari. Kisha anaongeza swali la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito zaidi: mama mkwe wake, anayeishi nao, haruhusu maziwa yachemshwe nyumbani humo, naye hajui afanye nini.

Tutayajibu maswali yote mawili kwa pamoja, kwa sababu sosi hiyo haiwezi kuwa salama kabla swali la pili halijapata jawabu.

ASILI YA CHAKULA HIKI

Sosi hiyo huitwa tzatziki. Jina lenyewe Wagiriki walilipata kwa Waturuki, ambao chakula chao cha namna hiyo hukiita cacık. Waajemi nao huchanganya mtindi na tango, na Wahindi wana raita yao, ambayo huandaliwa kando ya sahani ya biriani. Kwa hiyo tusiione kuwa ni kitu cha ajabu. Watu wa nchi nyingi zenye jua kali na mifugo ya maziwa wamefikia wazo lile lile: mtindi ulioganda vizuri, tango lililokatwa, chumvi kidogo, basi.

Wagiriki wenyewe si wageni wa jana katika mji wetu. Zama za utawala wa Wabelgiji, mji huu ulipokuwa ukiitwa Usumbura, walikuwako Wagiriki waliofanya biashara hapa, na kanisa lao la Kiorthodoksi lingali limesimama mjini. Huko kwao aghalabu hutumia maziwa ya kondoo au ya mbuzi, pamoja na mafuta ya zeituni. Sisi tunao ng'ombe. Nchi ambayo salamu yake ya heshima, "Amashyo", ni dua ya kumtakia mtu makundi ya ng'ombe, haina haja ya kungoja kopo la mtindi kutoka ng'ambo.

JUU YA KUCHEMSHA MAZIWA

Ni kweli kwamba mila yetu ya zamani ilikataza kuyapasha maziwa moto. Wazee waliamini kuwa kufanya hivyo kutamdhuru ng'ombe aliyeyatoa, na pengine kumkausha kabisa. Mama mkwe anayeshika mila hiyo si mjinga, wala si mkaidi. Analinda kitu ambacho katika ujana wake kilikuwa ndicho utajiri, mahari na heshima ya ukoo.

Lakini yafaa tutazame hali ya mila hiyo ilipowekwa. Zamani ng'ombe alijulikana kwa jina. Aliyemkama alijulikana, na maziwa yalinywewa pale pale uani. Leo, katika Bwiza, maziwa hutufikia kwa baiskeli, ndani ya madumu, nayo yamechanganywa kutoka kwa ng'ombe wengi wa wenyewe wengi. Akiwamo ng'ombe mmoja mgonjwa, dumu zima limeingia ugonjwa. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe, na pia ugonjwa wa brusela, ambao humtia mtu homa ya kuja na kuondoka, jasho jingi na maumivu ya viungo. Watu wengi huudhania kuwa ni malaria, wakanywa dawa isiyo yake kwa miezi. Tena ifahamike kwamba kuganda peke yake hakutoshi: uchungu wa mtindi hauviui vijidudu hivyo vyote. Moto ndio unaoviua.

Basi mama wa nyumbani afanye nini? Kwanza, asiseme hata siku moja kwamba mila ya mama mkwe ni upuuzi, wala asichemshe maziwa kwa siri, kwani siri ya jikoni haidumu, na siku itakapofichuka amani ya nyumba itavunjika. Pili, anayefaa kuanza maneno ni mume, kwa kuwa yeye ndiye mwana. Aketi na mamaye kwa adabu, amwambie: "Mama, ng'ombe wa maziwa haya hatumjui, wala hatumjui aliyemkama. Maziwa yakishatoka kiweleni, moto wa jiko letu haumfikii ng'ombe huko aliko. Lakini ugonjwa uliomo ndani ya dumu unawafikia wajukuu wako." Aweza pia kumkumbusha kwamba viwanda vya maziwa hupasha moto maziwa ya maelfu ya ng'ombe kila siku, na ng'ombe hao huendelea kukamwa.

Tatu, na hili ndilo aghalabu husahauliwa, mama mkwe apewe kazi yake. Hakuna katika nyumba hiyo ajuaye mtindi kumshinda yeye. Kuunusa, kuutazama kama umeshika, kuamua kama umeiva au bado: hayo yawe mikononi mwake. Mtu mzima akinyang'anywa neno lake jikoni atapigana. Akipewa neno jingine lenye heshima, atakuwa mwalimu.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Kwa sosi ya kuwatosha watu 5 au 6:
— maziwa lita 1;
— mtindi mzuri usiotiwa sukari, vijiko vikubwa 2, wa kuanzia;
— tango 1 kubwa, gumu;
— kitunguu saumu, punje 2;
— maji ya ndimu, kijiko kikubwa 1;
— mafuta ya alizeti, vijiko vikubwa 2;
— chumvi, na majani machache ya mnanaa.

Mwenye uwezo wa kupata mafuta ya zeituni na atumie. Asiye nao hapungukiwi na jambo kubwa. Lakini mafuta mekundu ya mawese, ijapokuwa ni mazuri sana katika mboga na maharage, hayafai hapa, kwani harufu yake hufunika ladha ya tango, nayo huganda katika chakula baridi.

MTINDI WENYEWE

Chemsha maziwa mpaka yafure na kupanda. Yapunguzie moto, uyaache yatokote taratibu kwa muda wa dakika 5, huku ukikoroga ili yasishike chini. Moto huu una faida mbili: huua vijidudu, tena huufanya mtindi uwe mzito zaidi kuliko wa maziwa mabichi. Hii ni hoja nyingine njema ya kumpelekea mama mkwe.

Epua, funika, uache yapoe. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtindi ukitiwa katika maziwa ya moto sana, chachu yake hufa, na ukitiwa katika maziwa yaliyopoa kabisa, hulala usingizi. Kipimo chake ni nyuzi 43 hadi 45. Asiye na kipimajoto aweke kiganja ubavuni mwa sufuria: akiweza kukiacha hapo huku akihesabu polepole mpaka 10, naye akiona joto bila ya kuungua, maziwa yako tayari.

Changanya ule mtindi wa kuanzia na maziwa kidogo katika kikombe safi, kisha umimine katika sufuria na kukoroga mara moja. Funika, ufunge kwa blanketi, uweke mahali pasipotikiswa kwa muda wa saa 6 hadi 8. Katika joto la Bujumbura kazi hii ni nyepesi. Ndugu zetu askari walio katika vituo vya milimani, kama kule Bugarama, waongeze blanketi na waongeze saa, maana baridi ya huko huchelewesha.

KUUTOA MTINDI MAJI

Baada ya moto sasa huja habari ya maji, na hii ndiyo siri yote ya Wagiriki. Sosi yao ni nzito kwa sababu mtindi wao umechujwa. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kilichofuliwa na kuchemshwa, ukitandike juu ya chujio au bakuli, umimine mtindi, ukusanye pembe nne za kitambaa na kukitundika. Funika usiingie inzi. Baada ya saa 2 au 3 yatakuwa yametoka maji mengi ya rangi ya kijani-manjano, na mtindi utakuwa umepungua karibu nusu. Ukiuchota kwa kijiko, utasimama.

Maji hayo usiyamwage. Yana nguvu iliyobaki ya maziwa, nayo hufaa kupikia uji au kukandia unga wa chapati.

Ikiwa mtindi haushiki kabisa, au maji yanayotoka ni mengi kupita kiasi, huenda maziwa yalitiwa maji kabla hayajafika mlangoni. Muuzaji wa namna hiyo akuibia mara mbili: mara ya kwanza mfukoni, mara ya pili katika afya, kwa sababu hujui maji hayo aliyateka wapi.

TANGO

Hapa twaomba tahadhari kubwa. Tango huliwa bichi, na kitu kibichi huchukua kila kilichomo katika maji yaliyokiosha. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na Bujumbura ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa. Kwa hiyo osha mikono kwa sabuni, kisha uoshe tango kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini, kamwe si kwa maji ya ziwani wala ya mto Ntahangwa. Lioshe kwanza, ndipo ulimenye, kwani kisu kikipita juu ya ganda chafu huingiza uchafu ndani. Mnanaa nao uoshwe vivyo hivyo, jani kwa jani.

Likate tango kwa urefu, ukwangue mbegu kwa kijiko, kisha ulikwaruze. Nyunyiza nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, uliache dakika 15. Chumvi italitoa jasho. Lishike kwa viganja safi, au ndani ya kitambaa safi, ulikamue kwa nguvu mpaka lisidondoshe tone. Asiyekamua vizuri ataona sosi yake ikigeuka kuwa supu kabla wageni hawajakaa.

KUCHANGANYA

Ponda kitunguu saumu pamoja na chumvi kidogo mpaka kilainike. Kitie katika mtindi uliochujwa pamoja na mafuta na maji ya ndimu, ukoroge. Mwisho tia tango na mnanaa uliokatwa. Onja chumvi, ukikumbuka kuwa tango tayari lilikuwa nayo. Sosi ikikaa nusu saa mahali pa baridi, kitunguu saumu hutulia na ladha hushikana.

KUHIFADHI BILA JOKOFU

Mama wetu aliuliza juu ya mume anayerudi kutoka lindoni usiku. Jawabu ni hili: usichanganye mapema. Sosi iliyokwisha kutiwa tango isikae katika joto zaidi ya saa 2. Basi chuja mtindi jioni ile ile atakayorudi, wala si asubuhi, uuache ndani ya chombo kilichofunikwa, kilichowekwa katika beseni la maji baridi. Tango likae zima, halijamenywa. Baba akibisha hodi, kazi iliyobaki haizidi dakika 20. Kitakachobaki baada ya kula kisiwekwe mpaka kesho. Mwenye jokofu aweza kuiweka sosi siku 2.

KUILA

Sosi hii yapendeza sana kando ya mishikaki ya mbuzi, kando ya mukeke wa kuchoma kutoka ziwani, au pamoja na viazi vya kuchemsha siku ambayo nyama haikununuliwa. Katika siku za mwisho wa mwezi, viazi na sosi ya mtindi ni mlo kamili, wala si aibu kumkaribisha mgeni. Hata wale ambao maziwa mabichi huwachafua tumbo, wengi wao huuvumilia mtindi, kwa kuwa chachu imekwisha kuila sehemu ya sukari ya maziwa. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 asipewe kabisa. Chakula chake ni maziwa ya mama peke yake.

Ndugu msomaji, lita moja ya maziwa ambayo ingeharibika kufikia jioni yaweza kuwa kitoweo cha nyumba nzima. Jambo linalotakiwa ni uangalifu: moto kwa maziwa, maji safi kwa tango, na maneno ya adabu kwa wazee. Hilo la mwisho halimo katika vitabu vya upishi vya Wagiriki, lakini katika nyumba za Bwiza ndilo la kwanza kutayarishwa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kukausha ndagala nyumbani bila ya kuingiwa na mchanga. Hadi hapo, twawatakia walio zamu lindo jema, na walio nyumbani mapishi mema.