Damu ya Kikwit na Mshahara wa Mtafiti

Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma na umeme ukakatika, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu haikuzungumzia majeruhi waliofurika hospitalini peke yao. Ilitaja pia maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya Kongo ya utafiti wa tiba, ambako friza zilikuwa na sampuli za virusi hatari, Ebola ikiwemo. Friza zikizimika, au mtu akivunja mlango bila kujua anachokishika, madhara yake hayakadiriki.

Tahadhari ile inawapa nguvu wanaosema kwamba nchi isiyo na amani wala umeme wa uhakika haina sababu ya kung'ang'ania sampuli za namna hiyo. Zipelekwe Ulaya au Marekani, kwenye maabara zenye ulinzi, na utafiti ufanyike huko huko. Sikubaliani nao. Ila hoja yao ina uzito kuliko tunavyopenda kukiri, na anayetaka kuijibu hana budi kupitia maisha ya daktari mmoja, Jean-Jacques Muyembe Tamfum.

Muyembe alizaliwa mwaka 1942 katika eneo la Bandundu, akasoma udaktari Kinshasa, kisha akapata shahada ya uzamivu ya virolojia Leuven, Ubelgiji. Angeweza kubaki huko. Alirudi katikati ya miaka ya 1970, akakuta hakuna maabara ya kufanyia alichokisomea. Mwaka 1976 serikali ikamtuma Yambuku, kwenye hospitali ya misheni kaskazini mwa nchi, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Aliwatoa damu wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu. Akichomoa sindano, tundu halikuziba. Damu iliendelea kutoka na kumlowesha vidole. Alinawa kwa maji na sabuni, akaendelea na mgonjwa mwingine. Kati ya watu 318 waliougua katika mlipuko ule, 280 walikufa.

Alimshawishi mtawa mmoja aliyekuwa na homa wasafiri pamoja hadi Kinshasa. Mtawa akafia huko, na damu yake ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, kwa ndege ndani ya chupa ya chai. Ilipofika, barafu ilikuwa imeyeyuka na kichupa kimoja kimepasuka. Kijana aliyekuwapo kuipokea, Peter Piot, alikuwa na miaka 27, na kwa miongo mingi habari ya kugunduliwa kwa Ebola imesimuliwa kuanzia mezani kwake. Piot alifanya kazi kubwa, sina ugomvi na jina lake. Ninachouliza ni kwa nini jina la aliyeshika sindano lilichelewa hivyo.

Kuisafirisha damu ile ulikuwa uamuzi sahihi. Kinshasa hapakuwa na uwezo wa kukitambua kirusi kipya. Kosa lilikuja baadaye: Ebola ilipozuka katika mji wa Kikwit mwaka 1995, miaka 19 baada ya Yambuku, sampuli zilibidi zisafirishwe tena nje ndipo ugonjwa uthibitishwe. Mbelgiji hakumzuia mtu kujenga maabara yenye uwezo huo katika miaka hiyo yote. Utawala wa Rais Mobutu ulikuwa na fedha za mengine.

Kikwit ndiko Muyembe alikofanya jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko safari ya Yambuku. Yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliopona. Saba kati yao wakaishi, katika mlipuko ulioua takriban wanane kati ya kila kumi. Wataalamu wa nje hawakushawishika: wagonjwa wanane ni wachache mno, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Kwa kanuni za sayansi walikuwa na haki. Lakini jibu la shaka hiyo lilikuwa jaribio kubwa zaidi, na jaribio linahitaji maabara, watu na fedha, vitu ambavyo Muyembe hakuwa navyo. Wazo lake likakaa.

Mwaka 2006 manusura mmoja wa Kikwit alitoa damu tena, na humo watafiti wa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani wakatoa kingamwili iliyokuja kuitwa mAb114. Ilipimwa kwa wagonjwa katika mlipuko wa mashariki mwa Kongo wa 2018 hadi 2020, ulioua watu 2,287. Jaribio lilipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, likafanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, eneo ambalo baadhi ya vituo vya matibabu vilishambuliwa na kuchomwa moto. Butembo ndiko alikouawa, Aprili 2019, Dk. Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, akiwa hospitalini. Katika mazingira hayo wauguzi waliendelea kuweka dripu na kujaza fomu. Dawa nne zilishindanishwa. Waliopewa ZMapp walikufa nusu. Waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35, na kwa dawa nyingine ya kingamwili, REGN-EB3, matokeo yalikaribiana na hayo. Waliowahi kufika na kupewa mojawapo ya hizo mbili, virusi vikiwa bado vichache damuni, walipona takriban tisa kati ya kumi. Kwenye ripoti ya kitaalamu, jina la kwanza ni la Mkongo, Sabue Mulangu.

Basi hoja ya waliotaka kila kitu kihamie nje inaanguka hapa. Dawa hii ilihitaji maabara ya Marekani, ndiyo, lakini ilianzia kwa daktari aliyewajua manusura wa Kikwit na kuamini anachokiona wodini, ikathibitishwa na timu iliyozungumza lugha ya wagonjwa. Hakuna friza ya Marekani inayoweza kufanya kazi hiyo. Mwaka 2019 Muyembe alitangaza kwamba sampuli za mlipuko ule zitabaki Kongo, na anayetaka kuzichunguza aje. Naelewa kwa nini.

Hata hivyo dawa yenyewe iliidhinishwa Marekani Desemba 2020 ikiwa mikononi mwa kampuni ya Kimarekani, na Kongo huipata kutoka nje. Kuzuia sampuli hakukubadilisha hilo. Ningependa sampuli zisafiri inapobidi, nakala moja ikibaki nyumbani, kwa mkataba unaotaja mapema watafiti wa hapa, na kiasi cha dawa kitakachorudi kwa waliotoa damu.

Kuna pingamizi jingine, nalo linatoka kwetu wenyewe: kwa nini nchi ambayo malaria inaua watoto kwa maelfu itumie fedha kwenye virusi adimu? Jibu liko Yambuku kwenyewe. Hospitali ile ilikuwa ikitumia bomba tano za sindano kwa siku, kwa wagonjwa wote, na hizo zilichangia sana kueneza ugonjwa. Hospitali dhaifu na utafiti dhaifu ni umaskini mmoja. Tena mtu aliyefundishwa kwa Ebola hasubiri Ebola. Mwishoni mwa 2023, wagonjwa wa mpox walipoongezeka Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, timu ya INRB akiwamo Placide Mbala-Kingebeni ilitambua kwamba kirusi kimebadilika na kinapita kati ya mtu na mtu. Mpox ilijulikana kwa binadamu tangu 1970, kwa mtoto wa Kikongo. Ulaya na Marekani zilichanja watu wao mwaka 2022. Dozi za kwanza zilitua Kinshasa Septemba 2024.

Sasa tuje kwenye mshahara, maana ndipo ninapoona tatizo. INRB ilijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Ufaransa, jengo lake jipya ni la fedha za Japani, na miradi yake mingi imebebwa na ruzuku za nje. Mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, kila aliyekuwa akitegemea mfereji huo aliona ulivyo rahisi kukauka. Daktari kijana anayependa utafiti, Kinshasa au Mwanza, anazo njia tatu: kliniki ya binafsi mjini, shirika linalolipa kwa dola, au maabara kwa mkataba wa mradi. Mradi ukiisha, naye ameisha. Anaacha ugonjwa aliouanza kuujua na kufuata ule ambao mfadhili mwingine ameuchagua. Muyembe amekaa na ugonjwa mmoja kwa takriban nusu karne. Vijana wetu hawapewi hata miaka mitano.

Viongozi wa Afrika waliahidi zamani kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Sidai asilimia hiyo ifike kesho. Nadai nafasi za kudumu za madaktari watafiti kwenye orodha ya mishahara ya serikali, zenye ngazi ya kupandia kama ilivyo kwa daktari bingwa wa hospitali, na fungu la uendeshaji wa maabara linalopitishwa na bunge kila mwaka, Kinshasa kama Dodoma na Nairobi, bila kusubiri mlipuko. Wizara za fedha zitasema hazina. Ziulizwe basi mbele ya wabunge ni kiasi gani kilitumika kwenye mlipuko uliopita, na kati ya hicho, kiasi gani kilibaki kwenye maabara baada ya wageni kuondoka.