Nani Atuwakilishaye Katika Bodi ya Shule?

Katika baraza zetu za kahawa, tangu Mombasa hadi Lamu, halipiti juma bila ya mtu kulalamika juu ya shule. Mara binti kaambiwa avue mtandio langoni, mara vijana wamewekwa darasani Ijumaa mpaka khutba ikamalizika, mara masomo ya ziada ya Jumamosi yamepangwa saa zile zile ambazo watoto huwa chuoni. Mengi katika malalamiko hayo ni ya haki. Lakini tuulizane, ndugu wasomaji: siku ya kuchagua wajumbe wa wazazi, sisi tulikuwa wapi?

Zamani, chini ya sheria ya elimu ya 1968, magavana wa shule tuliwaona ni mabwana wakubwa wajao kwa motokaa, wakanywa chai na mwalimu mkuu, kisha wakaenda zao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iligeuza mambo. Katika bodi ya usimamizi ya shule ya umma iliweka viti sita vya waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi, na mdhamini akapewa vitatu. Itazameni vyema hesabu hiyo. Hata pale ambapo mdhamini ni kanisa, wawakilishi wa wazazi ni maradufu yake.

Basi viti hivyo tunavitumiaje? Aghalabu humchagua mtu kwa kuwa ana jina mjini, au kwa kuwa tunamwonea haya. Naye akifika mkutanoni huitikia kila neno, hutia sahihi, hurudi nyumbani akiitwa mheshimiwa. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi. Yeye ndiye mwenye daftari. Mjumbe asiyeomba kuliona daftari hilo, fedha zilizoingia na zilizotoka, choo kilichojengwa kwa kiasi gani na nani, huyo hakuwakilisha mtu. Fedha na majengo, wafanyakazi wasio walimu, nidhamu na usalama wa watoto, yote hayo yamo katika dhamana yake. (Kumfukuza kazi mwalimu hayumo. Walimu ni wa Tume yao, na mjumbe atishaye hivyo anajigamba tu.)

Wengi bado wanadhani suala la hijabu litamalizwa na mahakama. Kesi ya shule moja ya Isiolo, iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, ilitufurahisha mwaka 2016 pale Mahakama ya Rufani ilipowakubalia wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, hasa kwa kuwa madai hayakuingizwa kwa utaratibu ufaao. Lakini majaji hawakuishia hapo. Waliitaka bodi ya shule ishauriane na wazazi na kuweka kanuni za kuwasamehe wanafunzi kwa sababu ya dini zao. Yaani jambo lilirudishwa mezani, kwenye viti vile vile tunavyoviacha vikikaliwa na yeyote.

Na haki hiyo ina pande mbili. Sheria inamtaka mdhamini, awe nani, ailinde dini ya asiyekuwa wa dini yake. Waislamu wakiidhamini shule na mtoto wa Kigiriama aliye Mkristo akaja kusoma, naye ni amana yao, asilazimishwe kitu.

Liko lingine ambalo wanaume hatupendi kuambiwa. Ni nani ajuaye mtoto amerudi na njaa, daftari limekwisha, mwalimu wa hesabu hajaonekana wiki mbili? Ni mamake. Lakini mikutano huitwa saa ambazo yeye yuko jikoni, na akija hukaa nyuma, asiulizwe. Uchaguzi ujao wa wazazi, na uitishwe baada ya alasiri, na majina ya kina mama yatajwe kwanza.